Jostiki moja, ndege mbili: kupanga vidhibiti vya Cessna 172 na Airbus A320 katika Microsoft Flight Simulator

Mipangilio inayoituliza Cessna 172 mkononi huiharibu A320, na kosa si la jostiki. Usukani wa Cessna umeungwa kwa nyaya hadi kwenye mabawa na mkia: ukiuvuta kidogo, eleveta (kibawa cha mkiani kinachoinua au kushusha pua) inasogea kidogo, ukiuvuta sana inasogea sana. Kijiti cha A320 hakivuti waya wowote. Kinaiambia kompyuta unataka ndege ijipinde kwa kasi gani, kisha kompyuta ndiyo inayoamua mabawa yasogee vipi. Ndiyo maana kila ndege inahitaji faili lake la mipangilio.

Mwongozo huu unatumia Microsoft Flight Simulator ya 2020, Cessna 172 inayokuja na programu yenyewe, na A32NX ya FlyByWire, ambayo ni A320 ya bure. Vifaa ni jostiki ambayo kishikio chake kinazunguka, pamoja na wenzo wa nguvu za injini wa kando.

Hatua ya 1: Hakikisha ishara ni safi

Kabla ya kufungua simuleta, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika joy.cpl, chagua kifaa chako kisha "Properties". Peleka kijiti hadi mwisho kila upande, kiachie, utazame ile alama ya msalaba. Rudia mara tano. Ikirudi palepale kila mara, endelea. Ikitetemeka, au ikikaa kando ya kati, kumbuka inapotea kiasi gani, maana ndicho kitakachoamua baadaye ukubwa wa "Dead zone", yaani ukanda wa kati ambao simuleta haiuhesabu. Jostiki zenye vihisi vya kusuguana hupatwa na hali hii vumbi likiingia. Zenye vihisi vya sumaku, kama Thrustmaster T.16000M, kwa kawaida hutulia. Za sumaku usizikimbilie na "Calibrate" ya Windows. Kama ulishafanya hivyo na mambo yameharibika, bonyeza "Reset to default".

Kifaa kikipotea katikati ya safari, mara nyingi ni Windows inayobana umeme wa USB. Fungua Device Manager, ingia kila "USB Root Hub", sehemu ya "Power Management", uondoe tiki inayoruhusu kompyuta kukizima.

Hatua ya 2: Ondoa amri zinazogongana

Simuleta hukipa kila kifaa kilichochomekwa mipangilio yake ya awali. Kwa hiyo kile kitelezi kidogo kilicho chini ya jostiki na wenzo wako wa kando vyote viwili vinaweza kuwa vinaamuru nguvu ya injini kwa wakati mmoja. Dalili yake ni mshale wa RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) unaorukaruka ingawa hujagusa kitu. Ingia "Controls", chagua jostiki, tafuta neno "throttle", ufute mhimili (axis) wowote uliopewa kitelezi hicho. Angalia pia kama breki au usukani wa mkia umepangwa kwenye vifaa viwili.

Sasa nakili mipangilio hiyo mara mbili, moja uiite C172 na nyingine A320, kwa jostiki na kwa wenzo pia. Katika toleo la 2020 utaibadilisha mwenyewe kila unapohamia ndege nyingine. Toleo la 2024 na X-Plane 12, ambayo ni simuleta nyingine, huweza kuifunga mipangilio kwa ndege husika.

Hatua ya 3: Cessna 172

Fungua "Sensitivity" ya jostiki. Usukani wa Cessna halisi una safari ndefu, wakati kijiti chako kina sentimita chache tu, kwa hiyo kila milimita ya mkono wako ni kubwa mno. Namba hasi hulainisha sehemu ya kati. Anza hivi kwa eleveta na aileroni (vibawa vya ukingo wa mabawa vinavyoiinamisha ndege upande): Sensitivity −30% pande zote mbili, Dead zone 3%, Reactivity 100%. Usishushe Reactivity ili kupata ulaini; inachelewesha amri, nawe utajikuta unaikimbiza ndege.

Usukani wa mkia unataka zaidi: −40%, na Dead zone 6% hadi 8%. Weka kijiti kulia na utazame kiganja chako. Kifundo cha mkono huzunguka kidogo pamoja nacho, na simuleta inahesabu mzunguko huo kama mguu uliokanyaga pedali. Ukanda huo mpana wa kati ndio unaoumeza.

Wengi wakiona pua bado inacheza huenda hadi −60% na kupita. Hapo kati panakuwa pazito, halafu mstari wa mchoro wa Sensitivity unapanda ghafla. Utaliona kosa hilo wakati wa kutua: unavuta taratibu, hakuna kinachotokea, unaongeza, mkono unavuka sehemu laini na pua inaruka juu mita kadhaa kutoka ardhini. Kabla ya kuongeza namba, panga trimu, inayoshikilia eleveta ili mkono upumzike, kwenye vitufe viwili vya kidole gumba. Ruka usawa kwa futi 2,000, RPM 2,300, piga trimu mpaka uweze kuachia kijiti. Ndege ambayo haijapigwa trimu haitatulia kwa mstari wowote ule.

Kama una wenzo wa pili, upe mchanganyiko wa mafuta na hewa, na uzime msaada wa "Auto-mixture". Pa kuujaribia ni Wilson, Nairobi, kwenye kimo cha takriban futi 5,500. Kitabu cha ndege hii kinataka, kwenye viwanja vilivyo juu ya futi 3,000, upunguze mafuta hadi RPM ifike kilele ukiwa umesimama na nguvu zote. Vuta wenzo polepole: RPM ipande kidogo, ifike kilele, kisha ianze kushuka. Injini ikizimika unaposukuma wenzo mbele, mhimili umegeuzwa. Tiki "Reverse axis".

Hatua ya 4: A320

Rudisha Sensitivity ya kijiti kwenye 0%, au −10% kama mkono wako ni mzito. Kijiti kikifika mwisho wa upande kinaomba kujipinda kwa nyuzi 15 kwa sekunde, na ukikiachia ndege inashikilia mpindo uliopo hadi nyuzi 33. Ulaini tayari umo ndani ya kompyuta. Kinachohitaji uangalifu zaidi hapa ni Dead zone. Kwenye Cessna, kijiti kikikaa asilimia moja nje ya kati ni aileroni iliyoinama kidogo tu. Kwenye A320 ni ombi lisilokoma, na bawa litaendelea kushuka polepole wakati hujagusa kitu. Anza na 4%.

Sasa wenzo. Mhimili wake katika simuleta uwe mstari ulionyooka, namba zote sifuri. Kazi iliyobaki inafanyika kwenye flyPad, tableti iliyo ndani ya chumba cha rubani: Settings, Sim Options, Throttle Detents, Calibrate. Wenzo halisi una vituo vya IDLE (nguvu ya chini kabisa) nyuzi 0, CL (ya kupanda) nyuzi 25, FLX/MCT (ya kupaa iliyopunguzwa, au ya juu ya kuendelea) nyuzi 35 na TOGA (nguvu zote) nyuzi 45. Kama wako hauna vituo, bandika kipande cha selotepu ya karatasi kando yake na upige alama. Kwa safari ya sentimita 10, CL inaangukia sentimita 5.6 kutoka nyuma na FLX sentimita 7.8.

Mhimili huanzia −1.00 hadi 1.00, kwa hiyo jaza:

IDLE: −1.00 hadi −0.95
CL: 0.06 hadi 0.16
FLX: 0.51 hadi 0.61
TOGA: 0.95 hadi 1.00

Zima "Reverser on Axis" na uweke "Toggle throttle reverse thrust", yaani nguvu ya kinyume ya kupunguza mwendo baada ya kutua, kwenye kitufe. Kanda mbili zisigusane, kisha bonyeza "Save & Apply"; ukitoka bila hiyo, kazi yote imepotea.

Jaribu kwa kuruka. Ukifika kimo cha kupunguza nguvu, LVR CLB ("rudisha wenzo CL") itamwekamweka juu ya skrini ya rubani. Rudisha wenzo kwenye alama ya CL. Maandishi yakizimika na kubaki yamezimika, umepatia. Yakirudirudi yenyewe, wenzo wako unatetemeka hadi nje ya ukanda: panua CL iwe 0.03 hadi 0.19, ujaribu tena.