Somo: Kukaa jangwani Arizona na gari-nyumba, maji yakutoshe

Wapendwa, mimi na mzee wangu tumestaafu, tuko Minnesota, na huu ni mwaka wa nne tunaikimbia theluji kwa gari-nyumba, lile Wamarekani huliita RV. Maji nitayaeleza kwa kirefu, maana ndiyo yanayoamua utakaa siku ngapi.

Hatua ya 1: Majira. Nendeni kati ya Novemba na Machi. Kiangazi joto la Phoenix hupita nyuzi 43. Lakini Arizona ina milima pia: mji wa Flagstaff uko kwenye mita 2,100 hivi na theluji huanguka. Januari sisi hubaki chini, Quartzsite, mji mdogo wa jangwani.

Hatua ya 2: Matairi. Ubavuni tafuteni herufi DOT. Tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka wa kutengenezwa: 2319 ni wiki ya 23 ya 2019. Gari hili husimama miezi, kwa hiyo tairi huchoka kabla ya kuwa kipara. La kwetu lilipasuka barabarani likiwa bado linaonekana jipya.

Hatua ya 3: Maji. Matangi ni matatu: maji safi, maji ya sinki na bafu, na choo. Letu la maji safi ni lita 150, yaani kilo 150 za kupanda nazo vilima. Tukitumia lita 20 kwa siku, wiki inaisha bado tunayo. Tunaoga kwa kopo na ndoo kama nyumbani Tanga, vyombo tunaosha kwa mabeseni mawili, na maji ya kusuuzia tunayamwaga chooni. Ya kunywa yako kando kwenye madumu, lita 4 kwa mtu kwa siku. Hewa ni kavu mno, jasho hukauka kabla hujaliona, basi kunyweni hata bila kiu.

Maji machafu msimwage chini, hata ya vyombo. Yapelekeni kituo cha kumwagia. Koki ya tangi la choo ikae imefungwa mpaka tangi likaribie kujaa. Mkiifungua mapema, maji hutoka na uchafu hubaki umeganda. Mwageni choo kwanza, kisha ya sinki, yasafishe bomba.

Hatua ya 4: Kuegesha. Ardhi nyingi ya serikali iliyo chini ya BLM, idara inayosimamia ardhi ya umma, ni bure kwa siku 14 ndani ya kila 28. Mnaotaka kukaa zaidi, La Posa pale Quartzsite ina kibali cha msimu, 15 Septemba hadi 15 Aprili. Msilale korongoni, hata mchanga ukiwa mkavu kabisa. Mvua hunyesha mlimani msikoiona, maji yakawafikia mmelala.

Mkifika Quartzsite, nendeni makaburini. Kuna piramidi ndogo ya mawe yenye ngamia juu yake. Ni kaburi la Haji Ali, aliyekuja 1856 na ngamia ambao jeshi la Marekani lilitaka kuwajaribu katika nchi hii isiyo na maji. Jina liliwashinda wenyeji, wakamwita Hi Jolly. Alifariki 1902. Mzee wangu alisimama pale akamsomea Fatiha, nami machozi yakanitoka.

MASWALI YA WANACHAMA

*Shikamoo mama. Wazazi wangu wana green card tu, si raia. Pasi ya wazee ya hifadhi za taifa wanapata?*

Marahaba mwanangu. Wanapata, wakiwa na miaka 62 au zaidi. Dola 80, ya maisha. Ila pale Monument Valley, bonde la minara ya mawe, pasi hiyo haifanyi kazi. Ile ni ardhi ya Wanavajo, kabila la wenyeji wa asili wa Marekani, wana kiingilio chao.

*Dada, Machi tulichelewa miadi huko kwa Wanavajo. Saa zikoje?*

Machi sehemu kubwa ya Marekani husogeza saa mbele kwa saa moja. Arizona haisogezi, Wanavajo husogeza. Ulizeni mahali penyewe.

*Baba ana sukari. Insulini itakaaje?*

Nimefanya kazi ya uuguzi miaka mingi, hili nalijali sana. Isiachwe kamwe ndani ya gari lililoegeshwa juani. Iwekeni katikati ya friji, mbali na barafu, maana ikiganda imeharibika. Tena friji ya gesi haipoozi vizuri gari likiegeshwa limeinama upande. Kabla ya kuiwasha, wekeni pima maji sakafuni, na vipande vya mbao chini ya magurudumu mpaka kipovu kikae katikati.