Mbolea ya kuku iungulie kwenye fungu, si kwenye mchicha

Mwaka wa kwanza nilipofuga kuku wa mayai huku Makunduchi, kusini mwa Unguja, nilitoa kiroba cha kinyesi bandani asubuhi, jioni kikawa kwenye tuta la mchicha. Siku ya nne majani yalikuwa na kingo za kahawia kama yaliyopitiwa na moto. Wiki haikwisha, nikaling'oa tuta zima.

Kinyesi cha kuku kina naitrojeni (chakula cha mimea) nyingi kuliko cha ng'ombe, na kikiwa kibichi hutoa amonia, ile hewa inayochoma pua, na chumvi zinazounguza mizizi. Kwenye maweni yetu, ambako udongo wenyewe ni kiganja tu juu ya jiwe, mizizi haina pa kukimbilia. Kwa hiyo kwanza kiozeshwe.

Kinyesi peke yake hakiozi vizuri, kinanuka tu. Kinahitaji vitu vikavu: majani ya migomba, nyasi kavu, maganda ya mpunga, au maranda ya mbao kwa fundi seremala. Makumbi ya nazi yanachelewa mno, labda uyachambue. Mimi hupima ndoo moja ya kinyesi kwa ndoo mbili au tatu za vitu vikavu, na napunguza kama kinyesi kimetoka bandani pamoja na maranda yake. Panga kwa matabaka, rashia maji kidogo kidogo, mpaka fungu lifike mita moja kwenda juu na mita moja kila upande. Likiwa dogo zaidi halishiki joto. Unyevu upime kwa mkono: kamata konzi, kamua. Likishikana bila kuchuruzika, basi. Likitoa maji, ongeza majani makavu.

Liweke kivulini, mahali palipoinuka, mbali na kisima. Jiwe letu lina nyufa. Mvua ya masika ikipiga, maji ya kinyesi huteremka moja kwa moja kwenye maji tunayokunywa. Lifunike kwa makuti au turubai.

Jivu la jikoni, ambalo wengi hulimwaga humo kwa nia njema, usitie. Jivu huifukuza amonia hewani, na hiyo ndiyo naitrojeni unayoitafuta. Isitoshe, udongo wa maweni una chokaa ya kutosha tayari. Ukisikia harufu inayochoma pua, jua mali inakutoka. Tia vitu vikavu ugeuze.

Joto nalipima kwa kipande cha nondo. Kichomeke katikati, kiache dakika kumi, kichomoe. Kama hukiwezi kukishika, fungu linafanya kazi. Linatakiwa lifike nyuzi 55 hadi 65 za Selsiasi kwa siku kadhaa, ndipo vijidudu kama salmonela na mbegu za magugu hufa. Lakini joto hilo liko ndani tu, kwa hiyo kila wiki geuza kwa pauro, cha nje kiingie kati. Wanaogeuza mara moja tu wasile tungule zao kwenye kachumbari.

Wakati wa kugeuza utakuta mabuu meupe, manene kama kidole, yamejikunja. Mengine ni ya chonga, yule anayetoboa minazi. Watupie kuku, watakushukuru.

Baada ya miezi miwili mitatu fungu hupoa, huwa jeusi na kunukia udongo wa mvua. Usiamini macho peke yake. Jaza mbolea kidogo kwenye kifuu, nyunyiza mbegu za mchicha. Zikiota na kusimama vizuri, imeiva. Zikinyauka, iache wiki tatu nyingine. Anayeanza fungu kipupwe, Juni au Julai, anaiwahi vuli.

Penye udongo wa kina, ndoo ya lita 20 inatosha mita tatu za mraba. Ichanganye na udongo wiki moja kabla ya kupanda. Kwenye maweni usitawanye, mvua itaipeleka. Tia konzi mbili katika kila kishimo cha jiwe, changanya na udongo uliomo, ndipo upande.