Namna ya kumpima kocha wa timu inayoyumba kabla ya kumkataa

Sisi mashabiki wa Arusha na Moshi tunaifahamu hali ya kushuka daraja kwa karibu sana. JKT Oljoro walishuka kutoka Ligi Kuu mwaka 2014, na Polisi Tanzania, walioitumia Ushirika pale Moshi kama uwanja wao wa nyumbani, wakashuka mwishoni mwa msimu wa 2022/23. Msimu unapoharibika, neno la kwanza linalosikika jukwaani huwa ni lile lile, kwamba kocha aondoke. Mara nyingine neno hilo huwa la kweli. Mara nyingine huwa ni hasira iliyomwangukia mtu aliye karibu, na kwa kuwa gharama ya kukosea ni kubwa, nimeona niandike utaratibu ambao mimi na wenzangu wa tawi letu la mashabiki tunaufuata siku hizi kabla ya kusema kwamba hatuna tena imani na kocha.

Tuliufikia utaratibu huu baada ya kukosea. Miaka kadhaa iliyopita timu tuliyokuwa tukiishangilia katika daraja la chini ilianza msimu kwa kupoteza mechi nne, na baada ya ile ya nne tulisimama kwenye geti la uwanja tukaimba kwa zaidi ya nusu saa, tukimtaka kocha apande basi arudi kwao. Aliondoka Jumatano iliyofuata. Wiki mbili baadaye mmoja wa mabeki aliketi nasi kwenye kijiwe cha kahawa, akazungusha kikombe chake bila kunywa, kisha akatueleza kwamba wachezaji walikuwa hawajalipwa kwa miezi mitatu na kwamba nauli za kwendea mazoezini zilikuwa zikitoka mfukoni mwa yule yule kocha tuliyemwimbia. Timu ilishuka daraja pamoja na kocha mpya. Tangu siku hiyo sijaimba jina la kocha kwa ubaya bila kwanza kufungua daftari.

Basi anza na daftari. Nunua daftari dogo la kawaida, na kwa kila mechi andika mpinzani, kama mlikuwa nyumbani au ugenini, dakika ya kila bao, namna bao lilivyopatikana, nani aliingia, nani alitoka na dakika ya ngapi. Usitoe hukumu kabla ya mechi kumi. Ligi Kuu yetu ina timu 16 na kila timu hucheza mechi 30, kwa hiyo mechi kumi ni theluthi ya msimu. Hiyo inatosha kuonyesha mwelekeo na bado inaacha nafasi ya kurekebisha mambo. Mechi tatu hazitoshi, hasa ikiwa ratiba imewakutanisha na Yanga, Simba na Azam katika mwezi mmoja.

Baada ya mechi kumi, kaa na daftari lako mahali penye utulivu na usome bao moja moja. Tuseme timu imefungwa mabao 14, na 8 kati ya hayo yameingia baada ya dakika ya 70. Hapo una jambo la kufuatilia, lakini bado hujapata jibu. Yatenge yale manane, ya nyumbani upande mmoja na ya ugenini upande mwingine. Ikiwa mengi yaliingia ugenini, jiulize timu ilisafiri vipi, kwa sababu kikosi kinachotoka Arusha kwenda kucheza Mbeya kwa basi hukaa barabarani siku nzima, na wachezaji wakifika usiku na kucheza kesho yake alasiri, miguu itakwisha kabla ya filimbi ya mwisho hata wakifundishwa na nani. Uamuzi wa kusafiri siku moja kabla badala ya siku tatu kabla kwa kawaida ni wa mwenye fedha. Lakini ikiwa mabao hayo yameingia nyumbani, timu ikiwa imelala vizuri, na daftari linaonyesha kwamba mabadiliko hufanywa dakika ya 80 wakati kiungo ameshaanza kushika magoti tangu dakika ya 60, hilo ni la benchi la ufundi, yaani kocha na wasaidizi wake, na kocha anapaswa kulijibu.

Yatazame kwa makini zaidi mabao yanayotokana na kona na mipira ya adhabu. Hili ndilo eneo ambalo kazi ya kocha huonekana wazi kuliko jingine lolote, kwa kuwa mpira umesimama, kila mtu ana muda wa kupanga, na nafasi ya kila mchezaji ilipaswa kuwa imeamuliwa mazoezini. Timu ikifungwa mara moja kwa kona inayopigwa kwenye nguzo ya kwanza, ni bahati mbaya. Ikifungwa mara nne kwa kona ile ile, mtu yule yule akiachwa peke yake pale pale, basi ama hakuna anayelifundisha jambo hilo au analifundisha na hasikilizwi, na vyote viwili ni vibaya kwa kocha.

Kisha nenda mazoezini. Timu nyingi za kwetu hufanya mazoezi katika viwanja ambavyo mtu anaweza kusimama pembeni akatazama, na asubuhi moja ya mazoezi hukufundisha mengi kuliko mechi mbili. Simama mbali, usipige kelele, usipige picha, usimwite mchezaji. Tazama kama mazoezi yana mpango: kama wanaoanza na wa akiba wanajua wanakopaswa kusimama, kama kocha akisimamisha zoezi hueleza kosa au hufoka tu, na kama kosa la Jumamosi linafanyiwa kazi Jumanne. Tazama pia nyuso. Wachezaji waliokwisha kumkataa kocha wao hutembea kwenda kunywa maji yeye akiwa bado anazungumza. Nimeliona jambo hilo mara moja, na sikuhitaji daftari siku hiyo.

Hatua inayofuata ndiyo ngumu zaidi, nayo ni kutenga yaliyo mikononi mwa kocha na yasiyo mikononi mwake. Mpangilio wa kikosi, mfumo, mabadiliko, nidhamu ya mazoezi na namna anavyowasemea wachezaji wake mbele ya waandishi wa habari ni vyake. Mishahara, posho, kambi, usafiri na hali ya uwanja si vyake. Usajili uko katikati, na hapo ndipo mashabiki wengi tunapopotea, kwa sababu tunamlaumu kocha kwa mshambuliaji asiyefunga bila kujua kama ni yeye aliyemwomba. Uliza. Muulize msemaji wa timu, kiongozi wa tawi, hata mchezaji unayemfahamu, kocha alikabidhiwa kikosi lini na ni wachezaji wangapi waliosajiliwa kwa mapendekezo yake. Kocha aliyefika wiki mbili baada ya dirisha la usajili kufungwa anapika kwa viungo alivyovikuta jikoni.

Hapa inafaa kujifunza kwa waliotutangulia, kwani vibanda umiza, vile vya kutazamia mpira kwenye runinga, vya Ngarenaro hapa Arusha na vya Majengo kule Moshi vinatuonyesha mifano kila wiki. Alex Ferguson alikuwa na miaka mitatu Manchester United ilipofika Desemba 1989, na shabiki mmoja akainua bango la kumuaga pale Old Trafford. Mei 1990 akatwaa Kombe la FA, taji lake la kwanza katika klabu hiyo. Mikel Arteta alianza msimu wa 2021/22 kwa kupoteza mechi tatu za kwanza, Arsenal ikafungwa mabao tisa bila kufunga hata moja, lakini ikamaliza ya tano msimu huo na ya pili msimu uliofuata. Kwa upande mwingine, Manchester United walimwongezea Erik ten Hag mkataba katikati ya 2024 wakamfukuza Oktoba mwaka huo huo, akaja Ruben Amorim, na timu ikamaliza msimu katika nafasi ya 15. Nadhani hapo kosa lilikuwa la wakubwa wa klabu, ambao hawakujua wanataka nini kabla ya kumfukuza mmoja na kumwajiri mwingine.

Kwetu nyumbani mifano ni ya karibu zaidi. Simba walimwondoa Robertinho Novemba 2023, siku chache baada ya kufungwa na Yanga mabao 5-1, ilhali hadi siku ile walikuwa hawajapoteza mechi ya ligi msimu huo. Alikuja Abdelhak Benchikha, naye akaondoka Aprili 2024, na Simba wakamaliza wa tatu. Yanga nao walimwondoa Miguel Gamondi Novemba 2024 baada ya kupoteza mfululizo mbele ya Azam na Tabora United, wakapita kwa Sead Ramovic, wakamalizia na Miloud Hamdi, na bado wakawa mabingwa. Ninavyoona mimi, kubadili kocha hakukuwaumiza Yanga kwa kuwa kikosi kilikuwa kimekamilika. Timu yetu ya mkoani haina kinga hiyo, kwa hiyo tusiige maamuzi ya Jangwani na Msimbazi, yaani Yanga na Simba, kana kwamba tuna akiba yao.

Jambo la gharama lisisahaulike. Kocha ana mkataba, na ukivunjwa bila makubaliano atadai fidia. Klabu inaposhindwa kulipa madai ya makocha na wachezaji kwa mujibu wa maamuzi ya FIFA, hufungiwa kusajili, na adhabu hiyo imezikuta klabu kadhaa za Tanzania. Kabla ya kudai kocha aondoke, kiulize chama chenu cha mashabiki maswali mawili: fedha za kumlipa zitatoka wapi, na nani atakuja? Ikiwa hakuna anayeweza kujibu hata moja, madai yenu hayajaiva.

Tuseme sasa umemaliza yote hayo na daftari linakuambia kwamba kosa ni la kocha. Makosa ni yale yale, mishahara inalipwa, wachezaji aliowataka amewapata, na anawalaumu hadharani kila anapopoteza. Hapo una haki kamili ya kupoteza imani, na una wajibu wa kulisema hilo kwa njia itakayosikika. Kama klabu yenu ina wanachama, lipa ada yako, shika kadi yako na uisome katiba, kwa sababu mkutano mkuu ndio mahali ambapo kamati ya utendaji hulazimika kujibu. Kama timu ni ya taasisi, na nyingi za kwetu zimekuwa hivyo, hakuna mkutano wa wanachama, basi andikeni barua kwa mwenyekiti wa timu kupitia tawi. Barua iwe fupi, ya ukurasa mmoja, yenye ushahidi na isiyo na tusi. Yetu ya mwisho ilikuwa na aya kama hii:

"Katika mechi kumi tulizozitazama, timu imefungwa mara nne kwa mipira ya kona kutoka upande wa kulia, na mabadiliko ya kwanza yamefanywa baada ya dakika ya 75 katika mechi saba. Tunaomba uongozi ukutane na benchi la ufundi, na utujulishe kabla ya dirisha dogo la usajili ni hatua gani zitachukuliwa. Sisi tutaendelea kuja uwanjani."

Tarehe ni muhimu kuliko ukali. Barua inayofika Novemba inaupa uongozi nafasi ya kuamua kabla ya dirisha dogo, ule muda wa usajili wa katikati ya msimu, ili kocha atakayekuwapo, awe huyu au mwingine, aweze kuongeza mchezaji. Barua ya Aprili haina msaada tena.

Ndani ya uwanja, dakika tisini ni za timu. Usimzomee mchezaji anayeingia kwa kuwa tu kocha ndiye aliyemchagua. Usirushe chupa wala jiwe, kwani mashabiki wakifanya fujo klabu ndiyo hutozwa faini, na fedha hiyo ni ile ile iliyokuwa ilipe posho. Usiguse familia ya kocha, kabila lake wala nchi anakotoka. Nimeketi jukwaani Sheikh Amri Abeid na mtoto wa kocha akiwa safu mbili mbele yangu, amevaa jezi ya timu yetu, huku watu wazima wakimtukana baba yake. Alivuta kofia ya sweta ikamfunika masikio. Filimbi ya mapumziko ilipolia mama mmoja anayeuza karanga akaenda kuketi kando yake, akakaa naye hadi mwisho wa mechi, na hakuuza tena chochote siku ile.

Na uongozi ukimwondoa kocha, fungua ukurasa mpya. Andika jina la aliyekuja, tarehe aliyofika na idadi ya wachezaji aliowakuta wakiwa wazima, kisha anza tena kuhesabu kutoka mechi ya kwanza hadi ya kumi.