Ukipata mezcal ya agave pori, usiigide

Kama kuna mtu kakuletea chupa ya mezcal, ile pombe kali inayotengenezwa kwa mmea wa agave, kutoka Oaxaca kule Meksiko, tafadhali usiipige shoti na ndimu, utakuwa umemwaga hela. Agave ni ndugu yake mkonge wetu wa Tanga, ila ile ya porini kama tepextate inaweza kukaa hata miaka 25 mlimani ndo ikomae, inavunwa mara moja tu basi, halafu moyo wake unaokwa siku kadhaa kwenye shimo lenye mawe ya moto ndo maana unakuta kale kaharufu ka moshi. Mi nafanya hivi: natia tone kiganjani, nasugua mikono mpaka ukali upae, afu nanusa, hapo inabaki harufu ya agave iliyookwa, tamutamu hivi, ukisikia spiriti tupu basi mmh. Kisha funda dogo, lizungushe mdomoni, la kwanza litachoma, la pili ndo linaongea. Barafu hapana. Na lebo isome, tafuta artesanal (ya kutengenezwa kwa mikono) au ancestral (ya njia za kale kabisa), halafu silvestre (yaani ya porini), jina la agave na kijiji ilikotengenezwa. Na yule mdudu anayewekwa kwenye baadhi ya chupa? Mbwembwe za biashara tu.