Sindano ije mwisho: hatua za kumpima ng'ombe mgonjwa kwa msaidizi wa mifugo anayeanza kazi

Mwaka wangu wa kwanza kazini niliitwa na mama mmoja mwenye ndama jike wa miezi mitano. Nilipofika bandani akaniambia, "Daktari, huyu ana ndigana." Nikafungua begi, nikavuta oksitetrasaiklini, nikachoma, nikaondoka. Sikupima joto, sikushika tezi. Siku ya tatu ndama alikufa akitoka povu puani. Ilikuwa ndigana kali, na dawa niliyompa ni ya ndigana baridi. Jina moja limebeba magonjwa mawili yenye vimelea tofauti na tiba tofauti. Mpaka leo, mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo akianza kuvuta dawa kabla hajamgusa mnyama, namshika mkono.

Mwongozo huu ni wa anayeanza: uliyemaliza cheti au stashahada ya afya ya mifugo pale Tengeru, Mpwapwa, Morogoro au kampasi nyingine ya LITA, wakala wa vyuo vya mafunzo ya mifugo, na sasa unapelekwa kijijini. Kwa Tanzania, Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 inatutaka tutambuliwe na Baraza la Veterinari na tufanye kazi chini ya usimamizi wa daktari wa mifugo aliyesajiliwa. Daktari huyo mara nyingi yuko mbali, anakusikia kwa simu tu. Macho na vidole vyako ndivyo atakavyovitegemea.

Kwenye begi weka kipima joto, stetoskopu, saa yenye mshale wa sekunde, glovu fupi na ndefu, kamba, futi ya fundi cherehani, slaidi, pamba na spiriti, sabuni, daftari na penseli. Gambuti uvae, na uzioshe kwa dawa kabla hujaenda boma jingine.

Hatua ya 1: Uliza

Usiingie bandani kwanza. Uliza ugonjwa ulianza lini, kama anakula, kama anacheua, maziwa yamepungua kwa kiasi gani, kinyesi kikoje, mimba ina miezi mingapi au alizaa lini, aliogeshwa dawa ya kupe lini, alichanjwa nini. Mtafute anayeshinda na mnyama. Mwenye ng'ombe anaweza kuwa mzee anayekaa mjini, lakini kijana anayekamua ndiye anayejua kuwa tangu juzi asubuhi ng'ombe anabaki nyuma ya wenzake.

Kuhusu dawa, namna ya kuuliza ina uzito. Ukisema "Mmempa dawa?" wengi watajibu hapana, kwa sababu wanaogopa kugombezwa. Mimi husema, "Mama, mpaka sasa mmeshajaribu dawa gani?" Hapo chupa hutolewa ndani, na unasoma lebo kwa macho yako mwenyewe.

Uliza pia kama kuna mnyama aliyekufa ghafla siku hizo. Ukikuta mzoga umevimba haraka, haujakakamaa vizuri, na damu nyeusi isiyoganda inatoka puani au sehemu ya haja, hesabu kwamba ni kimeta mpaka maabara ikatae. Usiupasue. Ukiupasua unavipa vimelea hewa, vinajifungia katika mbegu ngumu zinazodumu ardhini miaka mingi. Zuia watu wasichune wala kugawana nyama, na umpigie daktari wa mifugo wa wilaya ukiwa hapohapo. Akithibitisha, mzoga utachomwa, au utafukiwa kwenda chini mita mbili pamoja na chokaa.

Hatua ya 2: Simama mbali, tazama

Dakika tano zinatosha. Anasimamaje? Anaweka uzito miguu yote? Masikio yameanguka? Pua ni kavu? Hesabu pumzi kwa kutazama ubavu unavyopanda na kushuka. Ng'ombe mzima aliyetulia huvuta kati ya 10 na 30 kwa dakika. Hesabu sasa hivi, maana ukishamkamata atahema kwa hofu na namba haitakuwa na maana.

Anayetoka mate mengi atazamwe kwa tahadhari ya pekee. Inaweza kuwa ugonjwa wa miguu na midomo, inaweza kuwa kitu kimemkwama kooni, na inaweza kuwa kichaa cha mbwa. Akiwa analia kwa sauti iliyobadilika, anapiga kichwa, au koo limelegea, usiingize mkono mdomoni hata kama mwenye mali anakusihi. Mate yakikugusa kwenye kidonda, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo.

Hatua ya 3: Mdhibiti

Kama kuna kibanio, yaani njia nyembamba ya kumbana ng'ombe asimame, mpitishe humo. Kama hakuna, kamba ya kichwani na nguzo imara vinatosha kwa ng'ombe wengi wa maziwa. Mkaribie kwa upande, ongea naye, weka mkono begani kabla ya kushika penginepo. Usisimame nyuma yake kwa urefu wa teke: ama ukae mbali kabisa, ama umgande ubavuni. Fundo liwe la kufunguka kwa mvuto mmoja. Nimeona mtamba akianguka na kuanza kunyongwa na kamba huku watu watatu wakihangaika na fundo.

Hatua ya 4: Joto

Kipima joto cha zebaki kikung'ute kishuke chini ya 37, kipake mafuta kidogo, kiingize taratibu sehemu ya haja kubwa ukikielekeza kigusane na ukuta wa utumbo. Kikizama katikati ya kinyesi kitakupa namba ya uongo. Kifunge uzi wenye kibanio, ukibane kwenye manyoya ya mkia, kwa sababu utumbo unaweza kukivuta ndani. Subiri dakika mbili hadi tatu.

Ng'ombe mkubwa huwa kati ya nyuzi 38 na 39.3, ndama hufika 39.5. Aliyetembezwa juani hupanda bila ugonjwa, kwa hiyo mpumzishe kivulini kwanza. Ukiona 40 au 41 kwa mnyama aliyepumzika, hiyo ni homa ya kweli. Na usidanganywe na jina: ng'ombe aliyezaa jana, amelala chini, shingo kaigeuzia ubavuni, masikio ya baridi na joto limeshuka, huenda ana homa ya maziwa. Huo ni upungufu wa kalsiamu, hauna homa ndani yake, na kalsiamu ya mshipani ikiingizwa haraka husimamisha moyo. Mpigie daktari.

Ukiwa hapo mkiani, shika mshipa unaodunda chini ya shina la mkia. Mapigo 60 hadi 80 kwa dakika ni ya kawaida.

Hatua ya 5: Tezi na utando

Hapa ndipo nilipoteleza kwa yule ndama, na hapa nataka ukae.

Tafuta tezi: pitisha vidole chini ya sikio, kisha mbele ya bega, kisha mbele ya paja karibu na goti. Fanya pande zote mbili, ulinganishe. Kwa ng'ombe mzima, ya bega utaihisi ikiteleza chini ya ngozi, ndogo na laini. Fanya hivyo kwa wazima kumi kabla hujaitwa kwa mgonjwa, vidole vizoee. Kwenye ndigana kali, ambayo Wamaasai huiita oltikana, tezi ya chini ya sikio huvimba mapema, kwa sababu kupe anayeieneza hupenda kuuma sikioni. Fungua sikio umtafute. Homa hufuata, kisha tezi nyingine, na mwishoni mapafu hujaa maji; lile povu la puani ni dalili kwamba umechelewa.

Sasa utando: shusha kope ya chini, fungua na ufizi. Rangi ya waridi ni afya. Weupe unasema damu imepungua: minyoo, kupe wengi, au ndigana baridi. Umanjano pamoja na kinyesi kikavu kigumu, kwa ng'ombe mkubwa aliyekonda haraka, huelekea zaidi ndigana baridi. Mkojo wa rangi ya kahawa au damu unakupeleka kwenye ugonjwa wa mkojo mwekundu. Anayenyanyua miguu juu kama anavuka maji, anazunguka au anadegedeka, fikiria maji moyo. Yote manne huletwa na kupe na yote huanza na homa. Joto peke yake haliwezi kukutenganishia.

Hatua ya 6: Tumbo na kiwele

Bonyeza ngumi kwenye shimo la ubavu wa kushoto. Tumbo kuu husukuma mkono wako mara moja au mbili kwa dakika. Likikaa kimya, limesimama. Likiwa gumu kama ngoma na limepanda juu ya mgongo, ni gesi, na hapo kazi ni ya sasa hivi. Kwa mkamuliwa, shika robo zote nne za kiwele, kamua tone la kwanza la kila chuchu juu ya kitambaa cheusi uone mabonge.

Kama ametupa mimba au kondo limebaki, glovu ndefu ni lazima. Ugonjwa wa kutupa mimba unaambukiza binadamu, na kuna wenzetu wanaishi na maumivu ya viungo kwa sababu ya mikono mitupu.

Hatua ya 7: Slaidi

Safisha ncha ya sikio kwa spiriti, acha ikauke, toboa mshipa mdogo wa pembeni, weka tone dogo mwishoni mwa slaidi, lisukume kwa slaidi nyingine iliyoinama. Tabaka liwe jembamba, lenye umbo la ulimi. Kausha kwa kupunga hewani, uwafukuze nzi, andika kwa penseli. Ukishuku ndigana kali, chukua pia majimaji ya tezi iliyovimba kwa sindano. Vimelea huonekana huko kabla ya kuonekana kwenye damu. Fanya haya kabla ya dawa.

Hatua ya 8: Uzito, kisha sindano

Sasa mpigie daktari, msomee ulichoandika. Akikuelekeza dawa, usikadirie uzito kwa jicho. Pima mzunguko wa kifua nyuma ya miguu ya mbele, na urefu kutoka ncha ya bega hadi mfupa wa makalio, kwa sentimita. Zidisha mzunguko kwa mzunguko, kisha kwa urefu, ugawe kwa 10,840. Kifua cha 150 na urefu wa 125 vinakupa kama kilo 260. Ni makadirio, lakini yanaokoa. Buparvakwoni, dawa ya ndigana kali, ya miligramu 50 kwa mililita hutolewa mililita 1 kwa kila kilo 20, yaani mililita 13 kwa huyu, na kwa kuwa zinazidi 10 unazigawa sehemu mbili za shingo. Soma lebo kila mara, maana nguvu za dawa hutofautiana. Dozi pungufu, kwa dawa yoyote, huwafundisha vimelea kuizoea.

Choma kwenye msuli wa shingo, usichome makalioni. Vuta nyuma kidogo. Damu ikiingia, toa, badilisha mahali. Sindano moja kwa mnyama mmoja, kwa kuwa ndigana baridi husafiri kwa ncha ya sindano.

Hatua ya 9: Maziwa, na siku ya kurudi

Mwambie mwenye mali, mbele ya anayekamua, maziwa yasiuzwe wala kunywewa kwa siku zilizoandikwa kwenye lebo. Inauma, kwa sababu ndiyo ada ya mtoto. Mimi huwaeleza kwamba maziwa yenye antibayotiki hugoma hata kuganda kuwa mtindi. Hilo wengi wameliona jikoni, wanaelewa.

Andika joto, pumzi, tezi, rangi ya ufizi, dawa, namba ya toleo na saa. Rudi mwenyewe baada ya siku mbili, upime tena ukianzia mwanzo. Joto likiwa limeshuka lakini pumzi zimeongezeka, usimpongeze mtu. Mpigie daktari.