Hilux ya zamani inayumba barabarani: boksi la steringi liguswe mwisho

Somo hili ni la wenye Hilux za ekseli nzima mbele na springi za pleti, kama LN106 zilizoanza kutoka mwishoni mwa miaka ya 1980 na mpaka leo zinabeba nyanya, mbao na saruji. Dalili mnaijua. Umeunyoosha usukani lakini gari halinyooki, mikono haitulii, na basi likikupita kwa kasi unajikuta unapigana na gari lako mwenyewe.

Fundi mwenye haraka atafungua boneti, alegeze loknati (nati ya kufuli) ya juu ya boksi la steringi, lile lenye gia za usukani, na kukaza skrubu. Usukani utakuwa mzito kidogo, utamlipa na kuondoka. Msikubali jambo hili. Boksi huwa la kwanza kukazwa kwa sababu linafikika bila kulala chini ya gari, wakati plei nyingi, yaani ule mchezo wa bure, iko kwenye viungo vilivyo chini yake. Ukilikaza kabla ya kuvikagua, umeificha dalili na kiungo kilichokufa bado kinaning'inia.

Kwanza, tairi. Pima upepo zikiwa za baridi, ufuate kibandiko cha gari. Tairi mbili za mbele ziwe saizi moja na aina moja. Pitisha kiganja juu ya kashata (meno ya tairi) kutafuta nundu. Kama gari linavuta upande mmoja, badilishana tairi za mbele, ya kushoto ije kulia. Mvuto ukihamia upande wa pili, kosa ni tairi, na umeokoa pesa ya gereji.

Pili, pima plei. Nyoosha magurudumu, washa injini, bandika kipande cha tepu kwenye duara la usukani. Uzungushe taratibu mpaka tairi ianze kusogea, kisha rudi upande wa pili vivyo hivyo. Umbali ambao tepu imetembea bure ndiyo plei. Ukomo wa Toyota ni milimita 30. Andika ulichopata, maana baada ya kila tengenezo utapima tena.

Tatu, na hapa msiwe na haraka: gari likiwa chini kwa magurudumu yake, bila jeki. Uzito wa gari ndio unaofanya viungo vionyeshe ugonjwa wao. Weka vizuizi kwenye tairi za nyuma, vuta hendibreki. Mtu akae ndani autikise usukani kushoto na kulia, mwendo mfupi wa kwenda na kurudi. Wewe lala chini ufuate nguvu inavyosafiri, kiungo kwa kiungo. Pale ambapo upande mmoja wa kiungo unasogea na wa pili unachelewa kuufuata, umefika.

Anzia kwenye shafti inayotoka kwa usukani kwenda kwenye boksi, utazame jointi zake. Kisha boksi lenyewe: je, linacheza juu ya chasisi? Futa matope kwenye bolti zake kwa brashi ya waya. Ukiona unga wa kutu mwekundu umezunguka kichwa cha bolti, bolti hiyo inatembea. Ukiona mstari mwembamba wa kutu unaokatiza bati la chasisi karibu na bolti, huo ni ufa, na gari lisiondoke hapo mpaka lipigwe weldingi na fundi anayejua chasisi. Magari haya yana sifa ya kupasuka mahali hapo, hasa yaliyofungwa tairi pana.

Endelea kwenye pitmani (mkono unaotoka kwenye boksi), draglinki (fito inayotoka kwenye pitmani kwenda upande wa gurudumu), halafu tairodi (fito inayounganisha magurudumu mawili ya mbele) na endi, yaani viungo vya kwenye ncha za fito hizo. Weka kidole kikatize kiungo, nusu juu ya endi na nusu juu ya mkono wake, uhisi. Kidole kinagundua plei ambayo jicho halioni. Msitumie plaizi kubwa kuiminya endi, kwa sababu hata iliyo nzima itasogea ukiibana hivyo. Raba ikiwa imepasuka na grisi imegeuka tope, endi hiyo haina muda mrefu hata kama leo haichezi. Mwambie msaidizi arudie huku injini inawaka, maana nguvu ya hidroliki inafichua plei ambayo mkono peke yake hauitoi. Hapo uviondoe vidole.

Nne, nyanyua mbele. Jeki chini ya ekseli, kisha stendi. Mawe na matofali hapana. Shika tairi juu na chini, lisukume na kulivuta. Likicheza, mwambie msaidizi akanyage breki. Plei ikitoweka, beringi za habu (kitovu cha gurudumu) zimelegea. Ikibaki, ni beringi za kingpini, ule mhimili ambao gurudumu hugeukia kushoto na kulia. Usipofanya jaribio hili dogo utanunua beringi zisizohusika.

Beringi za habu hukazwa kwa nati mbili zenye kufuli katikati, na soketi yake ni ya milimita 54. Inunueni. Nimechoka kuona nati zilizoliwa kwa patasi na nyundo. Unakaza huku unazungusha habu, unalegeza, kisha unakaza tena kidogo.

Kingpini inajificha zaidi. Fungua tairodi na draglinki, zungusha nakoli (kipande kinachobeba gurudumu na kugeuka nalo) kwa mkono kutoka kushoto kwenda kulia. Iende laini mwendo wote. Ikifika katikati ikadumbukia kama imeingia kwenye kishimo, rola zimechimba alama kwenye beringi kwa miaka ya kutembea moja kwa moja. Gari hilo litakataa kutulia hata ubadilishe vingine vyote. Ukifungua, tenga shimu (vibati vyembamba vya kurekebisha nafasi) za juu na za chini, kila moja irudi ilikotoka.

Tano, kagua bushi za springi, shakeli (kiungo kinachoshika ncha ya springi) na yubolti (bolti za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli). Ekseli ikitembea chini ya springi, gari linajipindia lenyewe.

Sita, sasa boksi. Magurudumu yawe yamenyooka kabisa, kwa sababu boksi limetengenezwa libane zaidi katikati. Ukilikaza likiwa limepinda, ukirudi katikati litakwama. Kaza skrubu robo ya mzunguko, jaribu, pima kwa tepu. Likivuja, au plei ikabaki baada ya hapo, litengenezwe upya. Malizia na alaimenti, yaani kupima na kurekebisha pembe za magurudumu.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo fundi. Boksi langu lilikazwa wiki iliyopita. Sasa nikitoka kwenye kona usukani haurudi wenyewe.*

Marahaba. Limekazwa kupita kiasi. Nyoosha magurudumu, legeza skrubu kidogo kidogo mpaka usukani urudi wenyewe, halafu anza hatua ya tatu. Usiliendeshe hivyo, meno yanalika.

*Mkuu, nikipiga shimo nikiwa kwenye 70, mbele nzima inatetemeka mpaka nisimame. Nimefunga shokapu mpya ya steringi, ikatulia mwezi mmoja tu.*

Shokapu ilimeza mtetemo, chanzo kikabaki. Anza na beringi za kingpini, kisha endi za tairodi, kisha balansi ya tairi.

*Yangu haina ekseli nzima, ni ya toshenibaa (fito inayojisokota badala ya springi za pleti). Somo linanihusu?*

Linakuhusu kaka, ila ongeza boljointi (viungo vya gololi) za juu na chini, na aidlaamu, ule mkono ulio upande wa pili wa chasisi ukitazamana na pitmani. Bushi yake ikiisha, fito nzima ya katikati inapanda na kushuka. Kwa gari lako ningeanza kutazama hapo.

*Niliongeza pleti mbili nyuma ili nibebe mahindi. Likiwa na mzigo linakwenda vizuri, likiwa tupu linatangatanga. Viungo vyote ni vipya.*

Mkia umenyanyuka, pua imeinama, na ule mlalo wa kingpini kuelekea nyuma, ambao ndio unaolinyoosha gari, umepungua. Toa pleti moja upime tofauti. Kama mzigo hauruhusu, kuna kabari za chuma zinazowekwa kati ya springi na ekseli ya mbele kurudisha pembe. Hakikisha upande wa kabari ni sahihi, ukigeuza utaongeza ugonjwa.

*Mimi ni mama mfanyabiashara, gari linaendeshwa na dereva. Nitajuaje kama fundi anasema kweli kwamba endi zote nne zimekufa?*

Dada, mwambie akuonyeshe kabla hajafungua. Dereva atikise usukani, wewe uchungulie kila endi. Ambayo haichezi na raba yake ni nzima ibaki. Za kubadilisha, chukua ile ya zamani mkononi uende nayo dukani, iwe Kariakoo ya Dar es Salaam au Kirinyaga Road ya Nairobi, mlinganishe urefu, unene wa pini na uelekeo wa nyuzi, maana kuna za kushoto na za kulia. Baada ya kufunga, kila nati iwe na kotapini mpya, ile pini inayoizuia nati isifunguke. Hilo likague mwenyewe kwa tochi kabla hujalipa.