Unajenga ghorofa katikati ya Dar? Piga hivi hesabu ya paking

Kabla hujamwambia mchora ramani aweke paking, jua kwanza zinakula nafasi kiasi gani. Gari moja linakaa kwenye mita 2.5 kwa 5 ila ukijumlisha njia ya kupita na kugeuzia inafika kama mita za mraba 25 mpaka 30, hiyo ni chumba na sebule kabisa, kwahiyo kila paking unayoongeza kuna mpangaji atailipia kwenye kodi hata kama hana gari.

Kama ni Posta au Kariakoo, mabasi ya mwendokasi yapo tangu 2016 na daladala ziko tele, mimi ningeweka paking moja kwa kila flati tatu basi, tena ilipiwe kivyake. Beismenti usishuke sana, karibu na bahari maji ya ardhini yako juu, pampu itanguruma usiku na mchana.

Ila sehemu ya kushushia mizigo usiibane jamani! Kariakoo fuso likikosa pa kushushia marobota linasimama barabarani na mtaa mzima unaganda, bora ufute paking za mabosi. Na za walemavu ziwe karibu na lifti.